Nyuma ya Mstari wa Njano

Shemeji yangu, mke wa marehemu kaka yangu, anaitwa Simama Hapo. Si jina alilopewa na wazazi. Alipewa na stesheni, na kwa kuwa stesheni imemlisha muda mrefu kuliko wazazi, hakuona sababu ya kulikataa. Kazi yake ni kupiga picha za wasafiri jukwaani, pale watu wanaposimama kusubiri treni. Hakuombi utabasamu. Anakutazama wewe, anatazama jua, anatazama reli, halafu anakuonyesha kwa kidole mahali pa kuweka miguu: "Simama hapo." Ukisogea, hapigi.

Mimi ninauza fremu. Kibanda changu kimeegemea ukuta wa stesheni, upande wa lango. Nalisema hili mapema ili msomaji asije akadhani ninamsifu kwa sababu ya undugu. Yeye akipiga picha, mimi nauza fremu. Yeye akikosa kazi, mimi nabaki na vioo na mbao, na mbao hazilipi kodi ya kibanda. Sifa sizigawi bure. Huyu amezinunua.

Kamera aliirithi. Kaka alipofariki, ndugu tulikaa kugawana alivyoacha. Mmoja akachukua redio, mwingine koti, mwingine akaondoka na baiskeli akasahau pampu. Kamera ilikosa mwenyewe kwa sababu lenzi yake ilikuwa na mkwaruzo. Nikamwambia shemeji nitamwondolea mzigo huo, nikamtajia bei. Akaigeuzageuza mkononi, akaniuliza, "Kama haina faida, wewe unainunua ya nini?"

Siku hiyo ndipo nilipojua kwamba kaka alioa mfanyabiashara, na ukoo mzima tulikuwa tumechelewa kugundua.

Alianza bila kujua kitu. Alipiga watu wamefumba macho, akapiga mizigo bila wenye mizigo. Lakini kamera mtu hujifunza kwa kuharibu. Kilichomchukua muda zaidi ni adabu ya mahali penyewe, maana stesheni si studio. Studio mtu amekuja kwa hiari yake, amechana nywele, anajua anachotaka. Stesheni umemkuta katikati ya jambo lake. Huyu anaaga, yule anapokea, yule pale anatoroka, na yule mwenye begi jipya anarudi kwao kwa aibu. Wote wamesimama jukwaa moja, na usoni hawana alama.

Somo la kwanza nililishuhudia mimi. Alimpiga bwana mmoja mwenye viatu vyeupe, amesimama na mwanamke anayecheka vizuri sana. Picha ilitoka safi, nikaitia kwenye fremu na kuitundika mbele ya kibanda iwe kivutio. Haikupita muda, akaja mama mmoja, akaitazama, akanigeukia.

"Huyu mwanamume ni mume wangu," akasema. "Huyu mwanamke ni nani?"

"Mama, mimi nauza fremu," nikamwambia. "Vilivyomo ndani sivijui."

Akaishusha, akaipiga chini, kisha akalipia kioo. Alikuwa mtu wa haki. Niliposimulia nikicheka, shemeji hakucheka. Tangu hapo hampigi mtu bila kumwuliza, na wakiwa wawili anawauliza wote wawili, na mmoja akisita hata kwa kope tu, anawaacha. Wateja wangapi tumewapoteza kwa kope, mimi sijui.

Mengine yakafuata. Hapigi mtu anayelia. "Machozi yana mwenyewe," husema, na husubiri mpaka uso ufutwe. Hapigi aliyesinzia kwenye benchi. Hapigi askari, wala mtu aliyefungwa pingu. Hata mfanyakazi wa reli, shemeji humwomba ruhusa kama anavyomwomba abiria. Na ule mstari wa njano uliochorwa kando ya jukwaa, kwake ni ukuta wa matofali. "Nyuma ya mstari kuna mteja," hupenda kusema. "Mbele ya mstari kuna ajali inayosubiri jina la mtu."

Wapiga picha wenzake walimwona mshamba wa kupitiliza. Wao waliwapiga watu wamening'inia mlangoni mwa behewa, mguu mmoja kwenye ngazi, mkono mmoja hewani, na picha hizo zilipendwa. Hata fremu zangu za bei nzuri zilienda na picha za mlangoni. Nilimshauri naye apige hivyo. Akaniambia, "Shemeji, wewe kata vioo."

Miongoni mwa hao wa mlangoni alikuwamo mdogo wake wa kuzaliwa, tunayemwita Kofia. Alilala chumba cha uani kwa dada yake, alikula kwa dada yake, na kamera ya kwanza alinunuliwa na dada yake. Ni sheria za dada yake tu ndizo hakuzichukua.

Kila mpiga picha ana mbinu yake ya kumfanya mteja ainue uso. Kuna anayepiga makofi, kuna anayeita "treni hiyo!" hata kama reli ni tupu. Kofia alikuwa na kofia ya kijani kibichi. Akishalenga, aliivua na kuipunga juu, watu wakaitazama. Kwa ajili ya watoto aliongeza filimbi ya plastiki. Kisha akanunua sokoni kizibao kinachong'aa kama vile wanavyovaa watu wa reli, ili abiria wamdhanie mtumishi wa stesheni na wasimbishie bei.

"Kivue hicho," shemeji alimwambia siku ya kwanza.

"Dada, kinaniletea wateja."

"Kitakuletea na treni."

Jukwaa letu limepinda kama mundu. Dereva wa treni akiwa mbele hawezi kuona nyuma, kwa hiyo msaidizi wake huchungulia dirishani kumsubiri gadi. Gadi ni yule msimamizi wa treni anayekaa mkiani na filimbi na bendera mbili, nyekundu na ya kijani. Filimbi ikilia na kijani kikionekana, treni inaondoka. Ndivyo kazi yao ilivyo, na ni kazi nzuri maadamu kuna gadi mmoja tu.

Asubuhi ya mkasa, bibi mmoja mwembamba mwenye kifurushi kwapani alitaka picha akiwa anapanda treni. Aliweka mguu mmoja kwenye ngazi ya behewa, mwingine akaubakiza jukwaani, akatulia. Kofia akarudi nyuma, akapuliza filimbi ili bibi ainue uso, akapunga kofia ya kijani. Msaidizi wa dereva akachungulia. Akaona kizibao kinachong'aa, akasikia filimbi, akaona kijani kikipungwa. Akamwambia dereva, twende. Treni ikaondoka.

Gadi wa kweli alikuwa bado anabishana na mtu kuhusu godoro, bendera zake zimekunjwa. Alipostuka alipuliza mpaka mishipa ya shingo ikamtoka, akapunga nyekundu, na treni ikasimama kabla haijashika mwendo. Bibi alikutwa amekaa jukwaani, miguu ameinyoosha, kifurushi kimetumbukia relini. Alichubuka kisigino, basi. Lakini kila aliyekuwapo alikwisha kuona kichwani mwake yale ambayo hayakutokea.

Kofia hakukutwa. Kizibao kilikutwa kwenye pipa la taka.

Abiria walipoulizwa, wote walisema neno moja: mtu mwenye kofia ya kijani. Jina hawakulijua. Wapiga picha walilijua wote, na wote walishikwa na kikohozi. Kabla ya adhuhuri, mkuu wa stesheni alimwita mchoraji, na ukuta wa jukwaa ukaandikwa kwa rangi nyekundu, herufi kubwa kama milango: HAKUNA PICHA. Tukatolewa sote, wenye kamera na wenye fremu tuliozoea kuingia kuwasalimia wenye kamera.

Wengine walijua la kufanya. Walianza kupiga kwa simu kutoka chini ya koti, au kupenyeza kamera katikati ya mabegi kama wezi wa maembe. Wakamwita shemeji ajiunge.

"Mimi siibi picha," akawajibu. "Nilikuwa nikisimama pale wazi, na nitarudi kusimama wazi. Kama siwezi kusimama wazi, nitauza kamera hii."

Nikajua amekaza uzi. Kamera ile hakuiuza hata aliponyeshewa ndani ya nyumba.

Kesho yake alikata tiketi ya jukwaa, ile ya wasindikizaji, akaingia, akaketi kwenye benchi linalotazamana na mlango wa mkuu wa stesheni. Kamera ilikuwa ndani ya mkoba na zipu imefungwa mpaka mwisho, na mkoba uko magotini ambapo kila mtu aliuona. Hakusema na mtu ila salamu. Treni zikaja, zikaenda. Jioni akarudi nyumbani. Kesho yake tena. Na tena. Mkuu wa stesheni, mtu mkavu mwenye kalamu mbili mfukoni na kikombe cha maji ya moto kisichokauka, alikuwa akimpita anaitikia salamu na kuendelea. Mwishowe akasimama.

"Mama, unasubiri treni gani?"

"Nakusubiri wewe, mkuu."

Akatazama mkoba, akatazama zipu. "Kesho asubuhi," akasema.

Nilikwenda naye. Kupatana bei ndiyo kazi yangu, na fremu zilikuwa zinashika vumbi. Ofisini kulikuwa na meza, viti vitatu, saa ya ukutani, na dirisha linaloangalia jukwaa lote.

"Huyu ni nani?" mkuu akauliza.

"Shemeji yangu. Anauza fremu."

"Kwa hiyo naye ana njaa."

"Kuliko mimi," shemeji akasema.

Mkuu akanywa maji yake. Hakuwa mtu mbaya, na nilimwogopa kwa sababu hiyo. Mbaya unaweza kumnunulia soda. "Mama," akasema, "nimekuona hapa tangu nije. Hujanisumbua hata siku moja. Lakini siwezi kuandika ukutani kwamba hakuna picha isipokuwa za mama huyu. Nikimruhusu mmoja wameingia wote. Na mwenye kofia bado anatembea mjini. Niletee huyo, halafu tuzungumze."

Chini ya meza nikamkanyaga shemeji mguu. Kwa hesabu zangu, ndugu anayekula na asiyesikia ni bidhaa nzuri ya kubadilishana. Shemeji akaondoa mguu wake.

"Nikikutajia jina utapata nini, mkuu?"

"Nitamjua."

"Ukishamjua huyo, kesho atakuja mwingine na tochi. Mimi nakupa kikubwa kuliko jina. Nakupa sheria ambazo wapiga picha wenyewe watazishika. Mmoja akizivunja, nitakuja hapa mwenyewe kukurudishia jukwaa lote, na wa kwanza kutoka nitakuwa mimi."

"Sheria gani?"

Akazitaja bila kuhema. Hakuna mwanga wa kamera, usije ukampiga dereva machoni. Hakuna stendi ya miguu mitatu, watu wasije wakajikwaa. Hakuna filimbi, hakuna kizibao kinachong'aa, hakuna nguo wala kofia nyekundu au ya kijani mwilini mwa mpiga picha. Jukwaani hakuna anayesimama mbele ya mstari wa njano, si mpiga picha wala anayepigwa. Hakuna picha ya mtu kwenye ngazi ya behewa. Na gadi akishatia filimbi mdomoni, kamera zote zinashuka.

Mkuu akageuza kikombe polepole. "Na kule mbele, karibu na injini?"

Nusura nisimame. Kule mbele paa la jukwaa linaishia, na asubuhi jua linaingia safi kama maziwa. Picha zote nilizowahi kuzitia kwenye fremu pana zilitoka pale. Shemeji alilijua hilo kuliko mimi.

"Na karibu na injini hapana," akasema.

"Na mwenye kofia?"

"Huyo atakuja kwa miguu yake mwenyewe. Asipokuja, mimi na wewe hatujapatana."

Mkuu akacheka kwa pua. "Wewe mama unaniuzia mbuzi kwenye gunia."

"Gunia nitalifungua mbele yako."

Akafikiri. Nje treni ya mizigo ilikuwa ikipita, kikombe kikatetemeka mezani, akasubiri iishe. "Yule bibi aliyeanguka yuko kwa binti yake hapa mjini," akasema. "Jumamosi tunamsafirisha. Kila siku binti yake anakuja kuniuliza picha ya mama yake iko wapi, kana kwamba mimi ndiye niliyempiga. Haya. Utampiga wewe, kwa hizo sheria zako, treni ileile. Nitakuwa nimesimama pale. Nikiona kitu kimoja hakijakaa sawa, ukuta unabaki ulivyo. Kikikaa sawa, mnarudi nyote."

Tulipotoka nikamfokea. "Umetoa mwanga, umetoa ngazi, umetoa sehemu yenye jua. Umebakiza nini?"

"Jukwaa."

"Na jina ndilo ulilong'ang'ania. Kitu pekee ambacho kisingekugharimu."

"Shemeji," akasema, "mtu huuza vyake. Jina la mtu si langu."

Kofia alikuwa chumba cha uani, ameketi juu ya ndoo iliyogeuzwa, anatazama mlango. Ndevu zilikuwa zimemwota vibaya, mafungu mafungu. Dada yake hakukaa.

"Kesho utaenda kwa mkuu wa stesheni," akamwambia. "Na kofia uende nayo mkononi."

"Umeshawaambia?"

"Ningekuwa nimewaambia, ungekuwa umeshasikia hodi."

"Dada, wakinifunga je?"

"Bibi ni mzima. Watakufungia jukwaa."

Kofia akatazama sakafu. "Mimi nilitaka tu bibi ainue uso."

"Najua. Bibi aliinua. Na msaidizi wa dereva naye akainua."

"Na nisipoenda?"

Hapo nilitegemea atamtishia kumtoa nyumbani. Mimi ningemtishia hivyo. Yeye akasema kwa sauti ileile ya kumwonyesha mtu pa kusimama: "Usipoenda, wenzako wote wa pale watakaa bila kazi kwa ajili ya kofia yako, na mimi pia. Nami nitaendelea kukupikia. Chakula kidogo kitakachopatikana tutakigawana, mimi na wewe, kila siku, na utakuwa unakila unanitazama usoni. Ukiweza, kaa."

Akatoka akaenda kuosha vyombo. Kofia akanigeukia mimi. "Shemeji, sema naye."

"Mimi mwenyewe nimemwogopa," nikamwambia. Na ilikuwa kweli.

Asubuhi alikwenda. Tulimwona akipita langoni, kofia ameikunja kiganjani kama mtu aliyebeba ndege. Alikaa ofisini muda mrefu. Msaidizi wa dereva aliitwa, akaitazama kofia ile kwa macho ya mtu anayemtambua mdeni wake, akasema ndiyo hii. Mkuu akaitundika kwenye msumari ukutani, chini ya saa, na mpaka leo iko pale. Hukumu ikawa kwamba Kofia asikanyage tena jukwaa lile akiwa na kamera.

"Na kusafiri je?" Kofia akauliza.

"Kusafiri ruhusa. Kichwa wazi."

Kazi ya pili ya shemeji ilikuwa wapiga picha wenzake. Walikutana nyuma ya kibanda changu, wamenuna, wakasikiliza sheria moja baada ya nyingine kama watu wanaosomewa bei ya dawa.

"Umetuuza," mmoja akasema, yule anayeita "treni hiyo!"

"Nimewauza bei nzuri kuliko mliyokuwa nayo jana," shemeji akamjibu. "Jana mlikuwa chini ya makoti yenu."

"Bila mwanga, asubuhi ya mawingu tutapiga vivuli."

"Basi mtauza vivuli. Asiyetaka aseme sasa, nikamwambie mkuu tumeshindwana, twende nyumbani."

Walitazamana, wakakohoa kile kikohozi chao, wakakubali.

Jumamosi ikaamka na mawingu. Bibi alifika mapema, amemshika binti yake mkono, kisigino kimefungwa bandeji. Mkuu wa stesheni alisimama kando ya nguzo, mikono nyuma. Mimi niliingia kwa tiketi ya jukwaa. Wapiga picha wengine walijipanga ukutani, mifuko imefungwa, hakuna aliyevaa chekundu. Kofia alikuwa nje, vidole kwenye wavu wa uzio.

Shemeji akamwamkia bibi, akamwomba ruhusa ya kumpiga picha.

"Ruhusa niliitoa siku ile," bibi akasema. "Nilikaa sawa, nikaangushwa, na picha sikupewa. Nataka ileile."

"Ileile ndiyo iliyokuangusha, bibi."

"Haikuniangusha ngazi. Iliniangusha kofia."

Watu wakacheka. Mkuu hakucheka, lakini niliona amehamisha uzito kutoka mguu mmoja kwenda mwingine.

"Kwenye ngazi sipigi, bibi. Simama hapa, nyuma ya mstari, na treni iwe nyuma yako."

"Wajukuu zangu wakiiona watajuaje kwamba nilipanda? Watasema bibi alikwenda kusindikiza watu. Mimi maisha yangu yote nimesindikiza watu. Nataka waone napanda mimi."

Hoja ilikuwa nzito, na mimi nikiwa mpatanishi wa siku nyingi niliiheshimu. Ukiwa na mteja anayejua anachotaka, usimbishie kitu, mbadilishie mahali. Shemeji alifanya hivyo bila kuniangalia.

"Basi panda," akasema. "Kaa dirishani. Nitakupiga ukiwa ndani."

"Nitaonekana kichwa tu, kama muuza tiketi."

"Utaonekana umepanda. Si ndicho unachotaka?"

Bibi akafikiri, mdomo ameukunja. "Na mkono nitautoa nje nipunge?"

"Utapunga treni ikiwa imesimama."

"Haya. Lakini nikiwa kama muuza tiketi, siichukui."

Akapandishwa taratibu, binti yake nyuma akisukuma kifurushi. Dirisha alilopata lilikuwa chini ya paa, kioo kina ukungu, nacho kilishuka nusu kikakwama. Bibi akakaa ndani ya giza kama sarafu ndani ya mfuko. Shemeji akasimama, vidole vya miguu nyuma kidogo ya mstari, akalenga, akashusha kamera, akasogea kando, akalenga tena. Nilijua anachokiona. Nimetazama picha za watu muda mrefu wa kutosha kujua lini hakuna picha. Ilihitajika hatua moja mbele, au mwanga mara moja tu.

Yule wa "treni hiyo!" akanong'ona kutoka ukutani, "Mwanga kidogo, mama. Injini iko mbali, nani atauona?"

Mkuu wakati huo alikuwa amegeuka kumtazama gadi. Kwa kweli hakuna ambaye angeuona. Kidole cha shemeji kilipita juu ya kitufe cha mwanga, kikakaa, kikaondoka.

"Bibi," akaita, "mkono."

Bibi akatoa mkono. Kamera ikalia mara moja. Gadi akainua bendera, akatia filimbi mdomoni, na shemeji akaishusha kamera mpaka kiunoni.

Hapohapo bibi akakisukuma kioo kwa bega, nacho kikashuka chote. Akatoa kichwa nje, na uso wake mzima ukaingia kwenye mwanga, anacheka kwa fizi, anapunga mkono mmoja na mwingine ameshikilia kilemba. Ilikuwa picha ambayo mtu hukaa stesheni maisha yake yote akiisubiri. Wote tuliiona. Ukutani nilisikia watu wazima wakivuta pumzi. Shemeji aliitazama kwa macho yake mawili, kamera iko kiunoni, na hakuinyanyua. Filimbi ikalia. Treni ikaondoka na bibi na picha yake.

Mkuu akaja, viatu vyake vikilia jukwaani. "Nionyeshe."

Akamwonyesha kwenye skrini ya kamera. Uso nusu umo gizani, dirisha limekata paji, na mkono mmoja mweupe kwa mwanga, umefunguka.

"Haijatoka vizuri," mkuu akasema.

"Haijatoka vizuri."

"Kulikuwa na nyingine. Alipotoa kichwa. Hata mimi ambaye si fundi niliiona."

"Niliiona."

"Mbona hukupiga?"

"Gadi alikuwa na filimbi mdomoni."

Mkuu akaendelea kuitazama picha ile, ingawa haikuwa na mengi ya kutazama. Kisha akarudi ofisini kwake. Tukakaa kwenye benchi, sote, kama wagonjwa wanaosubiri kuitwa. Shemeji alifunga zipu ya mkoba. Mimi nilikuwa tayari nahesabu mbao za kuuza kama kuni.

Alitoka mchoraji, ndoo ya rangi nyekundu mkononi. Alipanda ngazi yake, na chini ya HAKUNA PICHA, kwa herufi zilezile kubwa kama milango, akaanza kuandika. Tulisoma neno baada ya neno jinsi lilivyotoka kwenye brashi: MBELE YA MSTARI WA NJANO. Mkuu hakufuta lile la kwanza. Ni mtu wa kubana rangi.

Shemeji aliinuka, akafungua zipu, akaenda kumwuliza bwana mmoja aliyekuwa na mke na masanduku mawili kama wangependa picha. Akamwuliza na mke.

Binti wa bibi alikuja kuichukua ile ya dirishani. Aliishika mbali na macho, akaisogeza karibu. "Mbona mama yuko gizani?"

"Yuko ndani ya treni," shemeji akamwambia.

Binti akaitazama tena. "Anajulikana amepanda," akasema, na akaanza kunibishia bei ya fremu.

Kofia sasa anakata vioo kwangu. Mkono wake si mbaya, na nimempa sharti moja, kwamba filimbi abaki nayo nyumbani. Mpangilio huu unanifaa. Kinachonigharimu ni mbao. Zamani picha za mlangoni zilipigwa kwa karibu, zikajaa mtu na mlango tu, na fremu ndogo ilizitosha. Siku hizi watu wanapigwa kwa mbali, wamesimama wima, na nyuma yao linaonekana behewa zima, ngazi, dirisha na kipande cha paa. Picha ya namna hiyo haingii kwenye fremu ndogo. Nimeagiza mbao pana.